Picha ya Mama Mdogo kwenye Ukurasa wa Profesa

Mama mdogo alirudi sokoni na mzigo wake wa safari ungali umefungwa. Alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Beni, na jua halijapinduka alikuwa tena Bulengera, hapa Butembo, amekaa juu ya gunia la viazi vya Lubero. Mimi nilikuwa ninauza mahali pake. Kuuliza mtu jambo ni kazi ngumu kwangu, basi nikaendelea kupanga viazi kwenye beseni mpaka akasema mwenyewe.

"Ati mimi ni professeur."

Nilidhani jua limempiga kichwani. Akanieleza. Kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, kijana mmoja wa kukagua alichukua kadi yake ya uchaguzi, akaandika jina lake kwenye simu, akatazama simu, akamtazama yeye, halafu akaita mwenzake: "Si ni huyu? Ule anasemaka vibaya juu ya bakubwa!" Wakamkalisha pembeni, wakamuuliza nani anamlipa. Akajibu kwamba analipwa na watu wanaokula viazi. Walicheka sana, lakini hawakumwacha apite. "Rudia Butembo, mama professeur. Ile habari yako itengenezwe kwanza."

Huko Beni, katika mtaa wa Mulekera, binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimefika. Kwetu mama mzazi hakosi kwenye uzazi wa kwanza. Tena wakati ule watu walikuwa wanakimbia vijiji vya karibu kila juma, na mume wa binti alikuwa amekwama mbali barabarani na bidhaa zake. Binti alikuwa peke yake na jirani mmoja. Mama mdogo alipaswa kupita, ni hivyo tu.

Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikaandika jina lake. Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa ukurasa wa ile ensiklopedia ya mtandao ambayo watu wengi huiandika pamoja. Ulikuwa kwa Kifaransa. Mimi niliishia shule ya msingi, nasoma polepole na kidole juu ya mstari. Ulisema mwenye jina hilo ni mwanamke mtaalamu wa haki za watu kwenye mtandao, amezaliwa Beni, anafundisha ng'ambo, ameandika juu ya serikali zinazokata mtandao wakati wa vita, na juu ya haki ya kila mtu kwa picha yake na habari zake. Pembeni palikuwa na picha: mama mdogo, na kitenge chake cha kanisa, ameshika mikrofoni.

"Mais hii ni ile siku ya salle ya parokia!" alisema.

Ndipo tukaelewa nusu ya mambo. Profesa huyo alikuja Butembo kuzungumza na vijana katika ule ukumbi wa parokia, na mama mdogo alikuwa kati ya akina mama waliopika; yeye alipika sombe, majani ya muhogo. Mwishoni waliwaita wapishi washukuriwe, wakamsukumia yeye mikrofoni aseme neno. Mtu alipiga picha wakati huo. Na jina? Kwetu msichana hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba yenye wasichana wawili ina jina lilelile la yule wa pili. Liite sokoni uone vichwa vitakavyogeuka. Na mama mdogo na profesa, mapadri nao waliwapa jina moja la ubatizo. Aliyeweka picha alisoma jina, akaona mwanamke mwenye mikrofoni, akatosheka.

"Basi huyu professeur wa haki ya picha aanze kunitetea mimi," mama mdogo alisema. "Toa ile picha."

Juu ya ukurasa palikuwa na neno la kubonyeza ili kurekebisha. Nilibonyeza, nikafuta picha. Nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya wengine bila hodi. Kabla hatujamaliza kufunga meza picha ilikuwa imerudi, na mtu fulani wa mbali alikuwa ameniandikia kwamba sikueleza sababu.

Kesho yake nikaifuta tena, nikaandika sababu, sentensi moja niliyoitunga tangu asubuhi: "Mwanamke wa kwenye picha ni mama yangu mdogo." Ilikuwa kweli tupu. Yule wa mbali akairudisha picha, akanijibu kwa adabu kwamba ndugu wa profesa hawaruhusiwi kubadilisha ukurasa wake, kwa sababu watampendelea.

Nilisoma jibu hilo mara nyingi. Nilikuwa nimesema ukweli, nao ukageuka kuwa uthibitisho wa uongo.

"Mupige picha ya kadi yangu," mama mdogo alisema. "Mutumie."

Tulikwisha kuiweka kadi juu ya gunia nilipoona kwamba haitasaidia. Kadi ilikuwa na sura yake na jina lake. Ingesema nini, ila kwamba mwanamke wa kwenye picha anaitwa kama profesa? Tukatazamana. Alianza kucheka, kisha akaacha, akaishika kadi kifuani.

"Donc mimi ni nani, mwana yangu?"

Nakumbuka nilitazama picha, nikamtazama yeye, kama yule kijana wa barrière, na kwa kitambo kidogo hata mimi sikuwa na hakika.

Kulikuwa na sehemu nyingine, nyuma ya ukurasa, ambapo watu hujadiliana. Huko niliandika kwa siku nzima, kati ya mteja na mteja. Nilieleza majina yetu, salle, wapishi, mikrofoni. Yule wa mbali aliuliza kama kuna gazeti lililoandika kwamba mwanamke huyo alikuwa mpishi. Nilimsomea mama mdogo swali.

"Gazeti? Juu ya sombe yangu?" Akamgeukia jirani yake wa maharage. "Weye, iko gazeti iliandika sombe yangu?"

"Iliandika ilikuwa na chumvi mingi," jirani akasema.

Mwishowe nilitafuta chuo anachofundisha profesa. Sijui kwa nini sikuanza na hilo. Alikuwapo kwenye picha yao, uso mrefu, miwani, mwanya katikati ya meno. Nikatuma anwani ya ukurasa ule. Yule wa mbali akajibu kwamba ni kweli, anaona watu wawili tofauti. Picha ikaondolewa. Mahali pake hapakubaki kitu, na ukurasa ulionekana mzuri zaidi, ingawa ulikuwa na upungufu.

Lakini nilipoandika jina kwa kutafuta, uso wa mama mdogo uliendelea kutokea juu. Nilifungua ukurasa: haupo. Nilirudi kwenye utafutaji: upo, huko haujafutwa bado. Nilimwambia angoje. Nilimwambia aende. Nilisema yote mawili asubuhi ileile.

"Hapana kungoja tena," alisema, akapanda pikipiki.

Alipiga simu kutoka Mulekera. Kwenye barrière palikuwa na watu wengine. Walichukua pesa ya kupita kama kwa kila mtu, hawakutazama hata kadi. Mtoto alikuwa amezaliwa kabla hajafika. Yule jirani wa binti ndiye aliyempokea. Binti alikuwa mzima, ila alikuwa amemkasirikia mama yake.

"Anaulizaka tu kwa nini nilichelewa. Nimweleze nini?"

"Mwambie juu ya picha."

"Nilimwambia. Anasema nadanganya."

Nikamwambia amwonyeshe picha kwenye simu. Nikasikia mtoto analia na mtu anambembeleza. Kisha akasema wametafuta pamoja, yeye na binti, wakiwa wamekaa juu ya kitanda kimoja, na sasa hawaioni popote.