Mahali Aliposimama Marlys

Habari hii ya Marlys na gari lake nimeisimulia mara nyingi kuliko nilivyosimulia harusi yangu mwenyewe, na kila nikifika mwisho kuna mmoja kaja kwa kuchelewa, kikombe mkononi, anataka nianze tena. Nimechoka. Leo naiandika, na ikishaandikwa mtu asinigongee mlango kwa ajili yake.

Marlys Tveit alikuwa na miaka sabini na mbili vuli ile, na hakuwa amewahi kuendesha gari-nyumba lao hata kutoka uani hadi barabarani. Lilikuwa gari la futi ishirini na tisa, jeupe, lina mstari wa kahawia ubavuni. Ndani kitanda huko nyuma, jiko la gesi lenye sehemu tatu za moto, meza ya kukunja, na choo cha kuingia kwa ubavu. Miaka kumi na tisa mfululizo, Septemba ikikaribia kwisha, mumewe Orrin alishika usukani, yeye akakaa upande wa pili na ramani na chupa ya kahawa, wakaiacha Dakota ya Kusini na mahindi yake makavu wakaelekea magharibi milimani, kabla theluji haijafunga njia.

Kazi ya Marlys ilikuwa moja, na aliijua. Wakifika kambini, yeye hushuka, huenda nyuma ya gari, husimama katikati kabisa, na kumwongoza Orrin kwa mikono anaporudi kinyumenyume kwenye kiwanja chao. Katikati, kwa hesabu yake, ili vioo vyote viwili vimwone. Kushoto, kulia, njoo, njoo, simama. Na mdomo wake ukisindikiza mikono: "Polepole, mti huo, we mzee una haraka gani, njoo, nimesema njoo." Orrin akishazima injini hushuka na kusema, "Asante, bibie, nisingeweza peke yangu." Marlys alikuwa amewafundisha wake za watu wengi namna ya kusimama, kuanzia Badlands mpaka Montana, na baadhi yao walimwandikia kadi za Krismasi kumshukuru.

Basi mwaka ule macho ya Orrin yakaharibika. Kila alichokitazama kilikuwa na doa katikati, kama mtu kaweka kidole kwenye kioo. Daktari akasema kuendesha gari sasa basi. Binti yao Renae akaja Jumapili, akakaa mezani kabla hata koti halijatoka mwilini.

"Liuzeni," akasema. "Kuna mtu kule Mitchell analitaka, atakuwa analala humo akienda kuwinda. Mimi nitashughulikia."

"Nani kasema linauzwa?" Marlys akauliza.

"Mama, baba haoni."

"Pembeni naona," Orrin akasema.

"Barabara haiko pembeni, baba."

Marlys alikuwa anakata keki ya tufaha. Akaweka kisu chini. "Nitaendesha mimi."

Renae akacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana kama asingecheka huenda mama yake angelala na hilo wazo akaamka nalo limepoa.

"Nitaliendesha mpaka Milima ya Teton na kulirudisha," Marlys akasema. "Na mkono wa mtu mwingine ukigusa usukani wangu, hata mara moja, hata kwa kuegesha tu, mwambie mtu wako wa Mitchell aje siku hiyo nitakayorudi."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe. Kula keki."

Orrin akavuta sahani yake ya keki. Watu wa kwao hutoa maneno kama wanayakata kwenye mshahara. Lakini Marlys alijua gari likiondoka itakuwaje. Orrin atakaa kwenye kiti chake akitazama dirisha lenye doa, na yeye atakaa akimtazama Orrin, na majira ya baridi ya kwetu ni miezi sita.

Wakaondoka Jumatatu. Marlys aliweka mto chini yake na mwingine mgongoni. Siku ya kwanza malori yalimpita yakilipuliza gari mpaka sufuria zikaongea kabatini, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemshika ng'ombe pembe. Walilala Badlands. Siku ya pili walipanda Milima ya Bighorn na kushuka upande wa pili, mwamba mwekundu huku, korongo kule, na Orrin akimwambia kwa sauti ya kawaida, "Gia ya chini. Breki ziache. Iache injini ikushike." Injini ikalia, ikawashika. Chini kabisa kulikuwa na kijito na miti ya aspeni iliyogeuka manjano yote kwa pamoja, na Marlys akasimamisha gari kando, akanywa kahawa mpaka chupa ikaisha.

"Umeshuka vizuri," Orrin akasema.

"Najua nimeshuka vizuri."

Mpaka hapo kuegesha hakukumsumbua. Siku zote mbili walipata viwanja vya kupita, vile ambavyo unaingia kwa mbele na kutoka kwa mbele, kama uzi kwenye tundu la sindano. Siku ya tatu, saa tisa mchana, wakavuka njia ipitayo juu ya milima, wakateremka kona moja, na Teton zikatokea zote mbele ya kioo, zina theluji mpya mabegani. Orrin akageuza kichwa pembeni ili azione kwa ule upande wa jicho uliobaki mzima. Alikaa hivyo, shingo imepinda, maili nne.

Kwenye lango la kambi, mwanamke wa hifadhi aliyevaa kofia pana akawaambia viwanja vya kupita vimefungwa tayari, maji yametolewa mabombani kwa sababu ya baridi. Kilichobaki ni namba arobaini na moja. Cha kurudi kinyumenyume.

"Tunakichukua," Marlys akasema.

Sasa, kwenye kambi hizi, jioni ikikaribia watu hutoa viti vyao vya kukunja wakakaa wakielekea barabara. Ukiwauliza watasema wanatazama mlima. Wanatazama wageni wanavyorudi kinyumenyume. Namba arobaini na moja ilikuwa kati ya misonobari miwili, jiwe kubwa kwenye kona, na mbele yake viti saba vimejaa.

"Wewe shuka," Marlys akamwambia Orrin. "Simama ninaposimama mimi. Fanya ninavyofanya mimi."

Orrin akamtazama kidogo, kama mwenye la kusema, akashuka.

Marlys akaweka gia ya nyuma. Akatazama kioo cha kushoto, msonobari. Cha kulia, jiwe. Orrin hakuna. Akarudi kidogo, nyuma ya gari ikaenda upande asiouagiza, akasimama, akasogea mbele, akaanza upya. Mara ya pili tawi likakwaruza paa kwa sauti ndefu, na kwenye viti mtu akavuta pumzi kwa meno. Gari dogo lilikuwa linasubiri barabarani lipishwe.

Mzee mmoja akainuka kwenye kiti chake akaja dirishani. Jina lake Delbert, wa Texas, tumbo mbele, kofia mkononi.

"Mama, nipe hicho kiti dakika mbili. Nimeegesha la futi arobaini."

"Basi nenda kaliegeshe lako tena."

"Nasaidia tu, mama."

"Delbert, rudi ukae," mkewe akamwita. "Uligonga choo cha kambi mwezi uliopita."

Watu wakacheka, Delbert akarudi. Marlys akashuka, akaenda nyuma ya gari. Orrin alikuwa amesimama katikati kabisa, anapunga mikono, kushoto, kulia, njoo, njoo, wakati gari limezimwa.

"Uko wapi wewe?"

"Hapa."

"Sikuoni hata kidogo."

"Najua," Orrin akasema.

"Unajua nini?"

"Mtu akisimama hapa haonekani. Vioo haviangalii hapa."

"Mimi nilikuwa nasimama hapa."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na tisa."

"Ndiyo, bibie."

Delbert alikuwa ameshika chupa yake ya bia nusu njia kwenda mdomoni.

"Na ulikuwa unaegeshaje?"

"Marlys, miaka thelathini nimeingiza lori la maziwa kwenye mazizi ya watu. Usiku wa theluji."

"Na zile asante?"

Orrin akavua kofia, akajikuna kichwa, akairudisha. "Mara ya kwanza nilitaka kukuambia. Ukaniambia, 'Bila mimi ungekuwa mtini.' Ulikuwa umefurahi. Nikaacha."

Marlys akafikiria kadi za Krismasi. Akafikiria wanawake wote aliowasimamisha nyuma ya magari, kutoka Badlands mpaka Montana, wakipungia bati. Kule kwenye majani marefu ayala dume, yule swala mkubwa wa milimani, alipiga ukelele wake wa vuli, ule wa bawaba yenye kutu, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Akatoa funguo mfukoni. Akaanza kutembea kuelekea kwenye viti. Alitembea wima, na kila mtu pale aliona anakwenda kwa Delbert, na Delbert mwenyewe aliona, akaweka bia chini. Marlys aliniambia baadaye kwamba hatua zile nane alikuwa tayari. Liegeshwe na anayetaka, liende Mitchell, wawindaji wamwage damu ya ndege kwenye zulia lake, hakujali.

"Marlys," Orrin akaita nyuma yake. "Mwakani nataka kuja."

Hakuwa amewahi kumsikia akisema nataka, isipokuwa labda chumvi mezani.

Akasimama. Akakaa hivyo, mgongo kwa Orrin, funguo mkononi.

"Mimi sikuwa nafanya kitu pale nyuma," akasema.

"Ulikuwa unaongea. Nikikusikia nilijua uko mzima na njia iko wazi. Ukinyamaza nilisimama. Kule kambi ya Custer ulinyamaza, nikakanyaga breki, nikashuka, kumbe gogo. Mikono yako sikuiona. Mdomo niliusikia mpaka ndani."

"Hata sisi tunausikia," mke wa Delbert akasema taratibu.

Marlys akageuka. "Kasimame kona ya kushoto, nikuone kwenye kioo. Shika huo msonobari kwa mkono mmoja ujue ulipo. Na uongee. Usinyamaze."

"Niongee nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi niliongea miaka kumi na tisa bila kupewa mada."

Akapanda. Akafungua dirisha lote. Kwenye kioo cha kushoto alikuwepo Orrin, mzima, mrefu, mkono kwenye mti.

"Njoo," Orrin akaanza. "Njoo. Kuna nafasi. Njoo. Majani ya aspeni yananiangukia." Akatafuta neno. "Njoo. Jiwe liko mbali bado, nadhani. Kata usukani kidogo. Hivyo. Siku daktari aliponiambia, nilifika nyumbani nikakaa garini kwanza. Njoo. Ulikuwa unanitazama kwa dirisha la jikoni, nikajifanya natafuta kitu. Njoo. Nilidhani ukijua utasema tuuze. Kata tena. Umepatia. Sikulala wiki nzima, nilikuwa nakusikia unavyopumua."

Mikono yote miwili ya Marlys ilikuwa kazini. Usukani ulizunguka, gari likaingia taratibu, ubavu mmoja ukapita msonobari kwa upana wa sahani. Ghafla sauti ikakatika. Akakanyaga breki mpaka kabati likafunguka.

"Mbona umesimama?" Orrin akauliza.

"Umenyamaza."

"Nimemeza mate. Njoo, bado hatua mbili."

Likaingia. Lilikuwa limekaa mshazari, pua inatazama kilima badala ya barabara, na gurudumu moja la nyuma lilikuwa juu ya mzizi, hivyo usiku ule viazi na nyama ya kuoka vilikaa sahanini vimeegemea upande mmoja. Delbert akaja kulizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Limepinda, mama."

"Limepinda lakini limo," Marlys akasema. "Mkeo anakuita."

Asubuhi wakaenda kwenye duka la hifadhi, pale simu inaposhika. Renae akapokea kabla haijalia mara mbili.

"Mmefika? Nani kaegesha?"

"Mimi."

"Mama, hakuna mtu aliyeshika usukani? Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mwambie yule wa Mitchell atafute nyumba nyingine ya kulalia."

"Na baba alifanya nini?"

Marlys akamtazama Orrin, aliyekuwa nje ya mlango wa duka, uso kaugeuza pembeni, anaiangalia milima kwa pembe ya jicho.

"Aliongea," akasema. "Hutaamini. Utaniuliza mpaka Krismasi alisema nini, na sikuambii."

Walikwenda tena mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Kadi za Krismasi Marlys alizijibu moja moja, akawaambia wake za watu wahame kutoka katikati.

Hayo ndiyo yote. Sasa wewe uliyechelewa ukanifanya niandike, inuka. Nenda kwa yule unayemsaidia siku zote, uliyezoea asante zake, umuulize kama anakuona pale unaposimama. Atakalokujibu njoo uniambie mwenyewe, kwa mdomo wako, na uje na kahawa yako.