Dakika Zinazoishia na Sifuri

Saa moja na dakika kumi na saba asubuhi, Jumatano. Katika wodi ya watoto, muuguzi aitwaye Mama Dakika anakodolea macho grafu iliyobandikwa ukutani. Imependeza kama bibi harusi, na hilo ndilo linalomkosesha amani.

Kwa miaka sita amewafundisha madaktari walio mafunzoni kupima kazi yao wenyewe, kubadilisha jambo moja dogo, kisha kupima tena. Safari hii wanapima muda tangu mtoto mwenye homa kali afike hadi achomwe sindano ya kwanza. Mwezi uliopita wastani ulikuwa dakika tisini na nne. Grafu inasema sasa ni thelathini.

Ijumaa mganga mkuu anakuja kuamua kama darasa hili liendelee au lifutwe. Thelathini ingemfunga mdomo. Lakini kila namba iliyoandikwa kwa kila mtoto inaishia na sifuri.

"Wanangu," anawauliza madaktari wake, "siku hizi watoto wanaugua kwa makumi?"

Wanacheka. Mrefu wao, Twiga, anajikuna shingo.

"Tunajaza mwisho wa zamu, Mama. Tunakumbuka-kumbuka."

Mama Dakika hawagombezi. Anawasimulia kwamba ujanani naye alijaza joto la wagonjwa akiwa kitini, bila kuwagusa. Mmoja aliyemwandikia yuko sawa alikutwa akitetemeka kwa degedege. Alipona.

"Yeye alipona. Mimi bado," anasema.

Siku hiyo hiyo wanafunga saa na penseli kwenye trei ya sindano: huchomi kabla hujaandika dakika. Twiga analalamika kwamba sasa trei nayo ni bosi wake.

Ijumaa asubuhi jibu linatoka: dakika sitini na moja.

Twiga anaomba, kwa sauti ya chini, ile grafu nzuri ikae ukutani mpaka mkubwa apite. Chai ya Mama Dakika imepoa bila kuguswa. Anajua mficha maradhi kifo humuumbua, ila anajua pia kwamba wakubwa hupenda namba ndogo. Hatua za viatu zinasikika koridoni.

Anaibandua. Anabandika ya sitini na moja, imepinda kidogo.

Akiachiwa darasa, mpango wake ni kufika hamsini mwezi ujao, hamsini ya kweli.

"Na wakinifutia," anasema, akitazama mlango unaofunguka, "saa msiifungue kwenye trei."