Kebo Iliyotaka Baridi

Pacifique Byamungu alikuwa fundi wa kuunga kebo za umeme Bukavu, Kongo, kabla vita havijamfikisha Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Kambini akawa mkulima wa mahindi, lakini kila alipokwenda mjini Mbarara macho yake yalikuwa juu, kwenye nyaya.

Mwaka 2014 redio ilieleza kwamba mji mmoja wa Ujerumani umefukia kebo inayopozwa kwa nitrojeni ya majimaji, baridi kuliko barafu, hata umeme ukapita karibu bila kupotea njiani. Pacifique hakutulia tena. Mbarara taa zilififia kila jioni. Yeye akaamini dawa imepatikana. Akavaa koti la kanisani, akamwendea mhandisi Rwakabuba, Mnyankole mwenye kampuni ndogo ya kutandaza nyaya.

"Patron, kebo moja nyembamba inafanya kazi ya kubwa mingi," alisema. "Mbona hamuileti hapa?"

Rwakabuba alimsikiliza hadi mwisho. "Mzee, ile ni ya mji ambao chini ya barabara nafasi imeisha. Sisi nafasi tuko nayo. Halafu mashine ya kuipoza inataka umeme saa zote. Umeme ikikatika, kebo inapata joto, inaacha kubeba. Nitrojeni nani ataleta?"

Kilichomkera Pacifique ni kwamba yule bwana alisema kweli.

"Sasa hapa tungoje nini?"

"Transfoma kubwa. Tumeahidiwa. Kwa sasa viungo vya nyaya kule Biharwe vinaungua ovyo. Njoo utusaidie kuunga."

Akaaga bila kukubali. Alifika nyumbani kambini, nyuma ya Base Camp, amekunja uso.

"Baba Joël," mkewe Mariette alimwambia, "umetafuta kazi ya nyaya tangu tufike hii fasi. Leo umeipata, unanuna?"

"Nilienda kwa maneno ya kebo. Yeye ananipa viraka."

"Na viraka haviko kazi?"

Jumatatu Pacifique alikuwa Biharwe juu ya ngazi, akikata kiungo kilichoungua na kuunga kipya. Taa za maduka zikang'aa zaidi, wenye maduka wakamshukuru. Haukupita muda kiungo cha jirani kikaungua, maana transfoma ilikuwa ileile, imeelemewa. Akampigia Rwakabuba kuuliza kuhusu ile kubwa. Akaambiwa asubiri.

Pacifique akasema neno zito kwa Mashi, lugha ya kwao ambayo pale hakuna aliyeielewa, akahamishia ngazi kwenye nguzo ya pili.