Mbao iliyopinda yawarusha ndege wa Fundi Miguu

Saa tatu asubuhi, Fundi Miguu amelala chali chini ya meza ya maonyesho, bisibisi ameing'ata kwa meno, koti lake la kazi limejaa vumbi la mbao. Juu yake wamesimama ndege tisa wa kuchongwa kwa mti, mbawa zimetulia tuli. Mlango wa ukumbi utafunguliwa baada ya saa moja.

"Wakigoma leo, narudi kwenye miguu ya vitanda hadi nizeeke," anasema.

Hatanii. Miguu ya vitanda ndiyo iliyompa jina hilo. Tangu akiwa na miaka kumi na sita anakereza mbao, yaani anazichonga zikizunguka kwenye mashine ya baba yake, na mguu mmoja humpa faida ya mkate mmoja, basi.

Lakini kichwa chake hakitulii. Alianza kufungua vichezeo vibovu, akachomoa mota, akajifunza kuunda roboti ndogo zinazohisi mtu akikaribia. Kwa miaka minne alikuwa na wazo moja tu: ndege wa mti wanaoona mtu wakapiga mbawa.

Mwaka jana aliwaleta katika ukumbi huuhuu. Alikuwa na haraka na mbao kavu zilikuwa zimemwishia, akachukua gogo bichi.

Baba yake, aliyekereza miaka arobaini kabla ya kustaafu, alimwonya mapema. "Nilimwambia, mwanangu, mti mbichi ukikauka unapinda. Akanijibu, baba, ni wiki mbili tu. Haya, wiki mbili zikamuumbua."

Pete za mbao zilizozungusha mbawa ziliacha kuwa duara, zikawa na umbo la yai. Mota zikakwama. Ndege wakaganda mbele ya wageni, na bwana mmoja akauliza kama ni vitu vya kutundikia kofia. Watu wakacheka. Baba yake mzee akatoka bila kuaga.

"Kicheko nilikimeza," anasema Fundi Miguu, binti yake. "Kumwona baba akinipa mgongo ndiko kulikoniuma."

Pete zile alizitupa kabatini. Miezi mitano baadaye, akitafuta gundi, moja ikaanguka, ikabiringika sakafuni ikichechemea, juu, chini, juu, chini. Fundi Miguu akakaa chini palepale.

"Nikasema, kumbe! Miaka yote nahangaika mbawa zipande na kushuka, na mti ulishanifanyia kazi hiyo."

Aliweka kijiti juu ya ukingo wa pete, akaizungusha kwa mota. Sehemu pana ilipofika juu, kijiti kilipanda, ilipopita, kikashuka. Tangu siku hiyo hukereza pete zikiwa mbichi makusudi, akaziacha zikauke na kupinda zinavyotaka, ndipo akazifunga. Hakuna mbili zinazopinda sawa, kwa hiyo hakuna ndege wawili wanaoruka sawa.

Saa nne mlango unafunguliwa. Mzee anaingia wa kwanza na fimbo yake, uso ameukunja. Anasogea hatua moja.

Ndege wa mbele anashtuka, anapiga mbawa. Wa pili anamfuata kwa madaha. Wa tatu ana pupa, kama kachelewa mahali. Punde wote tisa wanaruka. Safari hii hakuna anayecheka. Watu wanapiga makofi, na hata mwandishi wa habari hizi anasahau kuandika.

Kufikia adhuhuri, msimamizi wa ukumbi ameagiza ndege arobaini wa kuning'inia darini. Fundi Miguu anafuta machozi kwa mkono wenye gundi, akisema sasa atafungua karakana ya kufundisha ukerezaji na roboti pamoja.

Mzee ameokota pete ya akiba mezani, anaizungusha vidoleni, anapapasa pale ilipopinda.

"Arobaini ni wengi, mwanangu. Peke yako hutawamaliza," anasema. "Kesho niwashie mashine. Na gogo liwe bichi."