Wingu la Kumkirimu Mgeni

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata nikiwa kwenye foleni ya benki, na watu wakaanza kusogea pembeni. Ni siku ambayo shule nzima ilisimama uwanjani ikimtafutia mgeni wingu.

Nianze kwa utaratibu, kwa sababu habari hii ukiirukia katikati utadhani tulikuwa wendawazimu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangojea chuo, na chuo chenyewe hakikuwa na habari kwamba nakingojea. Ili nisionekane nimekaa bure, nikajitolea katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Msambweni. Shule hiyo ilikuwa imepewa simu na mradi wa sayansi ya dunia. Kazi ya wanafunzi ilikuwa rahisi kueleza: mapema alasiri, setilaiti inapopita juu, watoke nje, waitazame mbingu yote, waseme mawingu ni kiasi gani na ya namna gani, kisha jibu lipelekwe kwa simu. Setilaiti iliyatazama mawingu kwa juu, sisi kwa chini, na wataalamu wa mbali walizilinganisha habari hizo mbili. Kazi yangu mimi ilikuwa kuichaji simu na kuhakikisha ina bando.

Mwenyekiti wa klabu ya mawingu alikuwa Mwanasha, msichana wa darasa la saba, mwembamba kama ufito lakini sauti yake ilitosha kuamrisha jeshi. Alilelewa na bibi yake, Bi Mwanakombo, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi wa shule. Mwanasha alikwisha kuamua kwamba atasomea hali ya hewa, na katika nyumba yao, na katika kijiji chao, simu ile ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kuianza safari hiyo.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Kwenye simu, jibu la kwanza la kuchagua lilikuwa "Hakuna mawingu." Watoto wetu hawakuligusa hata siku moja.

Wewe umekulia huku, wajua tulivyo. Mtu wa pwani akiulizwa hali atasema njema, hata kama amelala kwenye machela. Kwanza njema, kisha homa itaelezwa taratibu. Na mgeni akiuliza kitu nyumbani kwako humwambii hakuna. Hutamjibu hivyo hata kama kabati limebaki na sahani tu. Basi watoto walifikiri hivi: watu hawa wako mbali, wametupa simu, na kila siku wanatuuliza kwa upole kama tuna mawingu. Tuwajibu hakuna? Si watatuona wachoyo? Siku mbingu ilipokuwa tupu, waliwapelekea wingu dogo la heshima. Siku ilipotanda nyeusi kutoka upande wa Kikoneni, walipunguza, wasije wakawatia wasiwasi watu wa watu. Na mahali pa maoni Mwanasha aliandika, "Yapo kiasi, alhamdulillahi. Nyinyi huko hamjambo?"

Haukupita muda barua ikaja. Mbingu ya shule yetu haikulingana kabisa na ile iliyoonekana na setilaiti. Ofisa wa mradi angekuja kututazama tukifanya kazi, na kama hatukumridhisha, simu ingehamishiwa shule nyingine huko Kikoneni.

Mwanasha aliisoma barua, akaenda akakaa nyuma ya tangi la maji. Nikamfuata.

"Kikoneni, kaka!" akaniambia, macho yamejaa. "Mawingu yao si ndiyo haya haya yetu? Wanatuletea wakishayatumia!"

Nikajaribu kumweleza kwamba mawingu hayana mitumba. Hakunisikiliza.

Ofisa akaja. Alikuwa mama wa Kikamba, Madam Wanza, mpole, mwenye kofia pana na viatu vya kutembelea. Watoto wakapanga mstari, wakamwamkia shikamoo kwa pamoja hadi kunguru wakaruka. Mwalimu Mkuu, Bwana Hamisi, alikuwa amevaa koti katika joto ambalo hata mbuzi walikuwa wamelala. Na mbingu, mwanangu, ilikuwa bluu tupu kutoka baharini hadi vilimani, kama bakuli lililosuguliwa.

"Tuanze na jaribio kabla ya chakula," akasema Madam Wanza. "Mwenyekiti, mnaona nini?"

Mwanasha akaitazama mbingu. Mwalimu Mkuu akainama, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika hadi langoni, "Mpe mgeni japo moja."

"Madam, kuna wingu," akasema Mwanasha. "Moja. Dogo."

"Iko wapi?"

"Lilikuwa pale, upande wa Gazi."

"Huko Gazi mimi sioni kitu."

"Limeondoka sasa hivi, Madam."

"Kweli limeondoka," akadakia mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Bakari, ambaye muda wote alikuwa akitafuta miwani yake. "Mimi mwenyewe nimeliona likienda. Jeupe, zuri."

Watoto wote wakaitikia ndiyo, ndiyo, na mmoja akaongeza kwamba lilikuwa na mkia. Madam Wanza akavua kofia, akajipepea, akatazama tena upande wa Gazi. Nikajua simu imeondoka.

Tukaingia kula. Bi Mwanakombo alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Madam akala vizuri. Kisha akauliza, "Mama, maji baridi iko?"

"Yapo, mwanangu, yapo," akasema Bi Mwanakombo. "Yaja."

Mara tukasikia bodaboda ikiwashwa nje. Ikanguruma, ikaenda, ikapotelea upande wa barabara kuu. Madam akangoja. Mwalimu Mkuu akamsimulia historia ya choo kipya. Akamaliza choo, akaanza darasa jipya. Madam akaendelea kungoja, koo limekauka. Mwishowe bodaboda ikarudi, na chupa ya maji ikaingia ikitoka jasho, mikononi mwa Bi Mwanakombo aliyetabasamu kama ameitoa kwenye friji iliyo nyuma ya mlango.

"Mama," akasema Madam Wanza polepole, "haya maji yalikuwepo nilipouliza?"

"Hayakuwepo," akajibu Bi Mwanakombo bila haya yoyote. "Lakini si yamekuja?"

Madam akaitazama chupa. Akamtazama Mwanasha. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaiweka chupa chini.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe hiyo ndiyo wingu ya Gazi!"

Bi Mwanakombo hakuelewa, ikabidi aelezwe yote: simu, setilaiti, wingu dogo la heshima, na Kikoneni. Alipoelewa, hakucheka. Alijifunga leso kiunoni, na kwa wanawake wa kwetu hiyo si dalili njema.

"Mwanasha. Njoo hapa. Maji yale nimeyanunua mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Samaki nimempaka mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi vyangu nampa mgeni nitakavyo. Hilo wingu ulilogawa ni la nani? La babako? Umelilima wewe? Ukarimu ni wa kitu chako. Cha Mwenyezi Mungu unaulizwa tu kama umekiona, nawe useme ulichokiona, ukae kimya." Akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Na wewe Hamisi, nilikufuta makamasi ukiwa mdogo, nawe wamfundisha mtoto kugawa mbingu!"

Mwalimu Mkuu akavua koti.

Madam Wanza akasema setilaiti inakaribia kupita, tutoke tufanye kazi ya kweli, na kwamba hilo ndilo jibu atakalolipeleka ofisini. Tukatoka. Mzee Bakari, aliyekwisha kupata miwani na funzo, akawaambia watoto njiani, "Hakuna, sawa? Semeni hakuna. Mgeni anapenda hakuna." Mwalimu Mkuu naye akatikisa kichwa kukubali. Shule nzima ikawa tayari kusema hakuna kwa sauti moja.

Mwanasha akasimama katikati ya uwanja. Akazunguka taratibu, kama alivyofundishwa, akitazama kila upande na juu kabisa. Akafika upande wa bahari, akasimama. Akazunguka tena. Akasimama pale pale.

"Hakuna!" wakaitika watoto, wakimsaidia.

"Lipo," akasema Mwanasha.

Mwalimu Mkuu akashika kichwa. "Mwanasha, nakuomba."

"Mwalimu, lipo. Ni jembamba, lakini lipo." Sauti yake ya kuamrisha jeshi ilikuwa inatetemeka. "Madam, najua hutanisadiki. Simu wapeni Kikoneni mkitaka. Lakini mimi naliona."

Madam Wanza akaenda akasimama nyuma yake, akainama hadi shavu lake likawa karibu na la mtoto, akafuata kidole. Alikaa hivyo muda mrefu. Nami nikafuata kidole kile. Juu ya minazi palikuwa na kitu kama uzi wa pamba uliovutwa hadi ukakaribia kukatika.

"Iko," akasema Madam Wanza. "Andika."

Jibu la setilaiti lilipokuja kwenye simu siku chache baadaye, lilisema mbingu yetu ilikuwa tupu. Nililisoma, nikadhani simu imeondoka tena. Lakini chini yake Madam Wanza alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe: "Wingu lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu." Akatueleza humo humo kwamba wingu jembamba namna ile huweza kuipita setilaiti bila kuonekana, na kwamba watu wa chini hutafutwa kwa sababu hiyo hasa. Shule ambayo mtoto wake anasimama kuibishia setilaiti na shule nzima, akasema, hainyang'anywi simu. Siku hiyo Bi Mwanakombo alipika mahamri bila kuambiwa, na Mwanasha akala hadi akashindwa kutoka nje kutazama mawingu.

Basi mwanangu, neno langu kwako ndilo hili. Endelea kusema njema ukiulizwa hali, na usije ukaenda kwa jirani ukamwambia chai yake mbaya, ukadai umefundishwa na sayansi. Adabu ni nzuri, nami nimekulea kwayo. Lakini ukiulizwa umeona nini, jua kwamba hapo huombwi ukarimu. Lisilokuwepo, sema halipo, wala usione haya, kwa sababu tupu nayo ni habari, na kuna mtu mahali fulani anaihitaji. Lililopo, sema lipo, hata kama walimu, wazee na wenzako wote wamekwisha kukubaliana jibu. Tazama kwanza, na uzunguke mara ya pili kabla hujafungua mdomo. Ukishaona, usimpunguzie mtu wala usimwongezee, awe umpendaye au umwogopaye.

Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama na ulimi usioyasaliti macho. Akujaalie watu watakaokuja kusimama nyuma yako na kufuata kidole chako kabla ya kukukatalia. Na mvua ikija, ikukute umekwisha kuanua nguo. Amina.