Springi Isiyoshika Kutu

Mate ya watu yananichefua. Nasema mapema ili nisionekane mnafiki baadaye. Muuza mboga akilamba kidole kufungua mfuko wa kunifungia nyanya, nyanya hizo namwachia hapohapo.

Basi fikiria nilivyojisikia siku ile Thika, nimesimama mbele ya kibanda cha fundi wa saa. Aliweka chini yai lake la kuchemsha lililojaa kachumbari, akalamba kidole, akakigandamiza kwenye skrubu ya saa ya marehemu baba yangu. Skrubu ikanata kidoleni. Akaridhika, akatemea kitambaa cheusi na kuanza kusugua kifuniko.

Ni saa ya zamani ya mfukoni, nzito, na springi yake kuu ilikuwa imekatika. Mama anaishi kijijini Theta na haoni tena. Tangu macho yamwishie, kila baada ya chakula cha mchana aliishika saa hiyo sikioni, akasikiliza mlio wake na kutabasamu, kana kwamba baba anamnong'oneza upuuzi fulani. Iliponyamaza, mama naye akaanza kunyamaza. Siku nzima ingepita asiseme maneno kumi. Hilo lilinitisha.

"Madam, hii ni kitu kidogo tu," fundi akasema. "Niko na springi ya saa ya ukuta. Nakata hapa, nakunja hapa, inaingia."

"Hiyo si nene sana? Itavunja meno ya magurudumu, na hayo hayapatikani tena."

"Ikivunja tutaweka mashine ya betri."

Ya betri! Nilimpokonya saa ikiwa bado na unyevu wa mate yake, na njia nzima hadi Ruiru nilikuwa nikiifuta kwa leso. Leso yenyewe niliitupa.

Fundi wa pili nilielekezwa kwake katika mtaa wa Kimbo. Alikuwa mzee Mwislamu mwenye kofia safi, na kabla ya kugusa chochote alinawa mikono kwa sabuni. Nilimpenda papo hapo. Alifungua kikopo kidogo cha shaba ambamo springi hujikunja, akaitoa kwa kibano. Ilitoka vipande viwili, vyekundu kama udongo wa Mugutha.

"Mama, hii imeliwa na kutu. Nani amekuwa akiisafisha kwa mate?"

Nikamwaga hasira zangu zote juu ya yule mchafu wa Thika. Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Mate ya leo hayawezi kufanya hivi. Hii ni kazi ya miaka."

Ndipo nilipokumbuka, uso ukapata moto. Kila asubuhi, akishaitia saa ufunguo, baba alifungua kifuniko cha nyuma na kuipulizia mate kidogo. "Thaai," angesema, yaani amani, akiibariki siku. Wazee wetu wa Kikuyu hubariki hivyo. Sisi watoto pia tulipuliziwa kifuani kabla ya kwenda shule, na mimi nilikimbilia nyuma ya jikoni kujisugua kwa sabuni ya kufulia. Asubuhi moja niliinua kichwa nikamwona baba amesimama pale na ndoo ya maziwa. Aligeuka akaenda zake. Sikumwomba radhi, hata miaka mingi baadaye alipokuwa mgonjwa na nafasi ilikuwepo tele. Alipofariki, mama alirithi kazi zote mbili, ya ufunguo na ya mate.

Mzee alipima upana wa springi iliyokatika, akapima unene, kisha akaweka mezani mbili zilizolingana nayo.

"Hii ya buluu ndiyo asili yake, chuma kama kilekile cha zamani. Hii nyeupe ni ya siku hizi. Nguvu ni moja, lakini nyeupe haishiki kutu."

Nilikuwa nimetoka nyumbani nikiapa kwamba sitakubali ila ya asili. Ningeweza kuichukua, kisha nimwambie mama aache kuitemea. Nilijaribu kuyapanga maneno hayo kichwani, kwa Kikuyu, yakanichukiza kuliko mate yenyewe.

"Weka nyeupe."

"Sawa. Lakini huyo anayeitemea mwambie aache."

"Hataacha, mzee. Ndiyo maana nataka nyeupe."

Jumapili nilimwekea mama saa sikioni. Alisikiliza muda mrefu, akacheka peke yake. Kisha vidole vyake vikatafuta kifuniko cha nyuma, akakifungua, akapuliza. "Thaai."

"Maitu, njoo," akaniita. Mimi ni binti wa pili, nina jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama. Nilipiga magoti. Mate yakanipata kifuani, baridi, na kinyaa kikanipanda. Kwa kuwa haoni, nilitoa leso mpya polepole, bila sauti.

"Jipanguse tu," mama akasema. "Baba yako alikuwa akisema baraka haitoki hata kwa sabuni."