Masikio ya Kamanda

Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ikinifikia puani, wengine wanakohoa tu na kusogea pembeni, lakini mimi narudi Nkende. Naona uzio wa mabati yaliyotoboka, naona mabakuli ya plastiki yaliyong'atwa kingo zote, na mbwa kumi na kitu waliooshwa asubuhi hiyo kwa dawa hiyohiyo ili kupe wawatoke. Niwaambie mapema, msije mkadhani nilikuwa nawaficha: mbwa ninayetaka kuwasimulia alikufa, na mkono wangu umo katika kifo chake.

Nilikuwa darasa la nne, nyumbani kwetu Busawe. Baba yangu, ambaye sisi tulimwita tata kama Wakurya wenzetu, alikuwa amepoteza mbwa wake wa zizi kwa kuumwa na nyoka, na kwa hali ya wizi wa ng'ombe ilivyokuwa, zizi halikai bila mbwa. Shangazi yangu aliyeishi Nkende akamwambia kuna Mwalimu Stela hapo mtaani kwake, mtu wa Bukoba. Yeye na fundi cherehani mmoja na dereva mmoja wa bodaboda walikuwa wanaokota mbwa waliotelekezwa na kuwatunza nyuma ya nyumba, bila kulipwa na yeyote. Wengine walitoka huko Kewanja, ambako watu walikuwa wamehama kupisha mgodi na mbwa wakabaki wanalinda misingi ya nyumba.

"Wanagawa bure?" tata akauliza, kama mtu anayetafuta mtego uko wapi.

"Bure," shangazi akasema, "ila wana masharti yao."

Tukaenda. Mbwa wengine walibweka wee mpaka wakachoka, lakini mmoja wa rangi ya udongo, mwenye kifua kipana na masikio makubwa yaliyolala kama majani ya maboga, alikuja kimya akaulamba mkono wangu kupitia tundu la bati. Sijui niwaelezeje. Kwetu tulikuwa watoto saba, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumchagua mtu. Huyu alinichagua. Tata akakitazama kile kifua, akasema ataitwa Kamanda.

Mwalimu Stela akaleta karatasi. Tata hakuwahi kukaa darasani, na Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kuulizia ng'ombe na chumvi. Mwalimu akataka kumsomea, lakini tata akakataa kwa majivuno: "Mtoto wangu anasoma. Bhoke atanisomea." Nikasimama wima kama niko mstarini shuleni, nikawa nasoma kwa Kiswahili, kisha namwambia kwa Kikurya, huku Mwalimu Stela, ambaye Kikurya hakukijua, akitabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Sharti la kwanza, apewe maji kila siku. La pili, asifungwe kwa waya. La tatu, apelekwe chanjo. La nne lilisema asikatwe masikio wala mkia, na akikatwa watamchukua.

Hapo nikasita. Kwetu mbwa mwenye masikio mazima alikuwa kichekesho. Mbwa wote wa zizi walikatwa, wakaitwa wakali. Nilimjua tata, au nilidhani namjua. Nilijua atasema hawezi kupangiwa jinsi ya kufuga mbwa, tutageuza, na Kamanda atabaki nyuma ya lile bati. Basi nikalisoma lile la nne kwa Kiswahili, haraka haraka, na kwa Kikurya nikarudia lile la maji. Tata akachovya dole gumba kwenye wino, akaliweka.

Nyumbani Kamanda alitia aibu jina lake. Alimwogopa jogoo. Mama akimwaga maji ya kuoshea vyombo, alikimbilia nyuma ya ghala. Siku moja rafiki wa baba mdogo Mwita alikuja mchana kweupe, akamfungua mbuzi wetu kwa utani ili amjaribu mbwa, na Kamanda akawasindikiza wote wawili mpaka barabarani, mkia unapepea. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tata peke yake hakucheka.

Baba mdogo Mwita ndiye aliyekuwa fundi wa kuweka alama masikioni mwa ndama. Alikuja Jumamosi na kisu chake. Tata akaniita mimi. "Mshike wewe," akasema kwa upole kabisa. "Wewe anakuamini."

Nilimshika. Angeweza kuning'ata na hakuning'ata. Vile vipande vikachomwa juu ya makaa, kama ilivyokuwa desturi, kwamba mbwa akila sikio lake hatamwogopa mtu tena. Alikataa kwa baba mdogo, akakataa kwa tata. Akala mkononi mwangu.

Ilikuwa masika. Nzi hawakumpa nafasi, na kabla wiki haijaisha vidonda vilikuwa na funza. Mama alimpaka majivu, akampaka mafuta ya taa. Kamanda akaacha kula, akawa analala ghalani, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

Ndipo pikipiki ya Mwalimu Stela ikaingia uani. Alikuwa na kawaida ya kumtembelea kila mbwa aliyemtoa, hata awe mbali namna gani. Tata na mama walikuwa shambani. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kigoda.

"Kamanda yuko wapi?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kweli lingemchukua Kamanda, tena lingefichua nilichokiruka. "Ameenda malishoni na ng'ombe," nikasema. Ghalani Kamanda akaisikia sauti aliyoifahamu, akalia kidogo. Nikaanza kukohoa, nikakohoa mpaka mwalimu akanionea huruma na kuniuliza kama nimekunywa dawa. Alipoondoka aliniachia chupa ya dawa ya vidonda, ya kuweka akiba, kwa sababu mbwa wa zizi hawakosi mikwaruzo.

Nilimpaka ile dawa jioni ile na kesho yake. Tulikuwa tumeshachelewa. Tata alichimba shimo yeye mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilikilaumu kile kisu, nikazilaumu mvua. Mpaka nilipopata watoto wangu ndipo nikakumbuka jambo dogo. Siku tuliyomleta Kamanda, baba mdogo alitaka kumfunga kwa waya, na tata akamnyang'anya. "Nimeweka dole," akasema. Akakaa chini ya kivuli cha ghala akasuka kamba ya katani, laini, muda mrefu. Mtu wa namna hiyo angeambiwa habari ya masikio, Kamanda angezeeka nayo. Nilimwogopa baba ambaye hakuwapo.

Mwezi uliopita tulikwenda tena kwenye ule uzio wa Nkende. Tata anaishi kwangu sasa, miguu imekataa, na anataka mbwa wa kukaa naye barazani. Mwalimu Stela alishastaafu akarudi kwao, na karatasi inashikwa na binti mmoja Mkurya anayejitolea pale. Tata akasema yaleyale: Bhoke atanisomea. Nikasoma kwa Kikurya. Maji. Waya. Chanjo. Safari hii nikalisoma na la nne.

Tata alikuwa ameshainua dole gumba. Akalishusha.

"Hilo la masikio wameliongeza siku hizi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Yule binti asingejua, na mzee angelala usingizi wake.

"Hapana, tata," nikasema. "Lilikuwepo."

Akaitoa karatasi mkononi mwangu taratibu, akamnyooshea yule binti.

"Mwanangu," akamwambia, "hebu nisomee wewe. Anza mwanzo."